Kwa Nini Dawa Haiui Tena? Siri Iko Tumboni mwa Kiwavi

Safari hii tunaanzia mjini, ingawa habari yenyewe ni ya shambani.

Ukitoka Magomeni kwa Barabara ya Morogoro unashuka bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, kisha unapanda na kuingia Kariakoo. Katika mitaa inayolizunguka soko, mboga zinapangwa chini juu ya magunia. Zipo kabichi za Lushoto, nyanya za Ilula mkoani Iringa, na mchicha uliokatwa alfajiri. Simama hapo kidogo, umtazame mnunuzi. Haulizi bei kwanza. Anaichukua kabichi, anaigeuza huku na huku, halafu anairudisha.

"Hii imetobolewa, mwanangu. Nipe nyingine."

"Mama, tundu hilo ni la jani la juu tu. Unalibandua."

"Hapana. Nipe nyingine."

Tundu hilo dogo, ambalo hata kidole hakipiti, limeshusha bei. Na habari zake hazibaki Kariakoo. Mchuuzi humwambia mwenye lori, mwenye lori humwambia mkulima. Mkulima akisikia, anachukua bomba lake na kupiga dawa. Wiki ijayo anapiga tena. Baada ya misimu michache tunaanza kusikia malalamiko ambayo wengi wenu mnayajua: "Zamani kisoda kimoja cha dawa kilitosha bomba zima. Sasa natia visoda vitatu, na bado viwavi wanatembea."

Wengine husema wenye maduka wanatuuzia maji. Dawa za bandia zipo kweli, hilo hatukatai. Lakini mara nyingi dawa ni halali, imefungwa vizuri, na haijapita tarehe yake, na bado kiwavi hafi. Sababu imo ndani ya kiwavi mwenyewe. Nayo ni ya zamani sana, kabla hata ya mtu wa kwanza kutengeneza dawa ya wadudu. Tuifuate pole pole, maana ukiielewa utaacha kupoteza fedha nyingi.

MIMEA NAYO INA SUMU

Mmea hauwezi kukimbia. Mbuzi akija, umesimama. Kiwavi akija, umesimama. Basi mimea mingi hujilinda kwa kutengeneza sumu mwilini mwake. Ndiyo maana majani mengi ya porini ni machungu, na utomvu wa mimea mingine huwasha. Utupa, ambao wazee huutumia kulevyia samaki, ni jani tu. Pareto inayolimwa Mbeya, Iringa na Njombe ni ua tu, lakini huua wadudu.

Mfano tunaoujua sote ni muhogo. Muhogo mchungu una sumu kali iitwayo sianidi. Lakini muhogo haukai na sumu hiyo tayari tayari, kwa sababu ungejidhuru wenyewe. Unaweka vitu viwili katika vyumba mbalimbali. Chumba kimoja kina kitu kitamu-chungu kisicho na madhara, chumba kingine kina kimeng'enya. Mnyama akitafuna, vyumba vinavunjika, vitu viwili vinakutana, na sumu inazaliwa papo hapo mdomoni. Mama zetu wanapotwanga kisamvu, au wanapoloweka na kuanika muhogo, wanavunja vyumba hivyo kwa makusudi, ili sumu izaliwe mapema na kupotea hewani kabla ya chakula kufika sahanini.

Tumetaja neno kimeng'enya. Tulieleze, maana ndilo habari yote ya leo. Kimeng'enya ni kitu kidogo mno, hakionekani kwa macho, kinachotengenezwa na mwili wa kila kiumbe. Kazi yake ni kubadili kitu kimoja kuwa kingine. Kipo kinachokata, kipo kinachounga, kipo kinachobandika. Mate yako yana kimeng'enya kinachoukata wanga kuwa sukari. Tafuna ugali mkavu kwa muda mrefu bila kumeza, utasikia utamu. Huyo ni fundi amekwisha kuanza kazi.

Kabichi inatumia ujanja ule ule wa muhogo. Nayo ina vyumba viwili. Jani likitafunwa, vitu vinakutana na kutoa ule ukali unaopanda puani. Ukitaka kuujua vizuri, tafuna haradali au figiri mbichi. Hao ni ndugu wa kabichi, ukoo mmoja. Kwako wewe ukali huo ni kiungo. Kwa mdudu mdogo ni sumu inayounguza tumbo.

Sasa swali: kama kabichi ina sumu, mbona viwavi wanaila?

KARAKANA ILIYO TUMBONI

Kabla ya kumtazama kiwavi, tujitazame sisi. Mtu akila muhogo ambao haukutayarishwa vizuri, sianidi kidogo huingia mwilini. Si kila mara anakufa. Mwili una kimeng'enya kinachoichukua sianidi, kinaiunganisha na madini ya salfa, na kuifanya kitu hafifu kinachotoka kwa mkojo. Salfa hiyo tunaipata katika vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, nyama, mayai na maharage. Mwaka wa njaa, watu wanapokula muhogo mchungu peke yake, tena ulioharakishwa, salfa inapungua na fundi anakosa vifaa. Hapo ndipo unapozuka ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu ghafla. Ulitokea Tarime wakati wa ukame wa mwaka 1985, na Mtwara mwaka 2002 na 2003.

Kwa hiyo mwili una karakana ya kuvunjia sumu. Ya kwetu sehemu kubwa iko kwenye ini. Ya kiwavi iko kwenye tumbo na katika mafuta ya mwili wake. Ukiwa Kariakoo, nenda upande wa Gerezani kwa mafundi wa magari. Peleka gari bovu asubuhi, useme unaliuza vipuri. Jioni hulikuti gari. Unakuta milango huku, matairi kule, injini imekwisha kupata mnunuzi. Hakuna anayeweza kupanda tena kitu kile na kwenda nacho Kibaha. Vimeng'enya vya kiwavi hufanya hivyo kwa sumu. Vingine huichoma kwa hewa ya oksijeni ili iyeyuke katika maji. Jamii hii kubwa wanasayansi huiita P450. Vingine huikata vipande. Vingine huibandika mzigo, kama sukari, ili isishike tena mahali ilipokusudia, kisha inatolewa nje na kinyesi.

Kila mdudu ana karakana, lakini hazilingani. Mdudu ambaye ukoo wake umekula mmea mmoja kwa miaka maelfu na maelfu huwa na fundi maalumu wa sumu ya mmea huo.

Mtazame adui mkubwa wa kabichi. Ni nondo mdogo wa kijivu, na akikunja mabawa huonekana mgongoni alama kama almasi. Kiwavi wake ni wa kijani. Ukimgusa hujipinda pinda akirudi nyuma, na mara nyingi hujiangusha akining'inia kwenye uzi. Akiwa mdogo hula jani kwa chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu, kama kidirisha cha nailoni. Mwaka 2002 wanasayansi walieleza anavyoikwepa sumu ya kabichi. Tumboni ana kimeng'enya kinachowahi. Kabla vitu vya vyumba viwili havijafanya kazi yao, fundi huyu anakata kipande kidogo cha kitu kimoja, kipande chenye salfa. Kilichobaki hakiwezi tena kugeuka kuwa sumu. Ni kama mtu anayetoa utambi wa baruti kabla hujawasha kiberiti.

Na ajabu zaidi, harufu ya ukali wa kabichi, ambayo hufukuza wadudu wengine, kwa nondo huyu ni kama kibao cha hoteli. Jike huifuata ili ajue pa kutagia.

Kwenye mahindi mambo ni hivyo hivyo. Viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, walionekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na wakathibitishwa Tanzania mwaka 2017. Hindi changa lina sumu yake, na hindi huitunza ikiwa imefungwa kwa sukari. Kiwavi akitafuna, kimeng'enya cha hindi kinaivua ile sukari na sumu inabaki wazi. Kiwavi huyu anafanyaje? Anairudishia sukari! Lakini anaibandika kinyume, kichwa chini miguu juu, hata kimeng'enya cha hindi hakiwezi kuivua tena. Ufunguo ni ule ule, ila kitasa kimegeuzwa.

Liko jambo lingine ambalo sisi wenyewe lilitushangaza. Karakana haifanyi kazi kwa nguvu zote kila siku, kwani kuwalisha mafundi wengi ni gharama. Kiwavi akila jani laini lisilo na sumu, mafundi ni wachache. Akila jani lenye sumu, mwili unaita mafundi zaidi, nao huongezeka kwa muda mfupi. Huko Marekani yuko funza wa mahindi, ndugu wa karibu wa funza anayetoboa vitumba vya pamba yetu ya Mwanza na Shinyanga. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba funza huyo hasubiri hata sumu. Mmea ukijeruhiwa hupeleka habari katika majani yake, kwa kemikali fulani, kwamba tumevamiwa, tayarisheni sumu. Funza huila ile habari pamoja na jani, na karakana yake inaanza kujiandaa. Mwizi anasikiliza mbiu ya mgambo.

SUMU YA DUKANI INAPOINGIA

Hapa ndipo bomba lako linapoingia katika hadithi.

Karakana ya kiwavi haijui kusoma. Haijui kama sumu imetoka kwenye jani au kwenye chupa. Ikiona kitu kinachofanana na kile ilichozoea kuvunja, inakivunja. Miaka ya 1980 mtaalamu mmoja huko Florida, Marekani, aliwalisha viwavijeshi wa aina hii majani ya mahindi, na wengine akawalisha majani ya soya. Wale waliokula mahindi walikuwa na vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja sumu. Walipopewa dawa za wadudu, walizistahimili kuliko wale waliokula soya. Mama mmoja, ukoo mmoja, tofauti ni chakula tu.

Na dawa nyingi za dukani si ngeni kama tunavyodhani. Chukua pareto. Ua la pareto lina sumu inayoshika mishipa ya fahamu ya mdudu, akatetemeka na kuanguka. Ila jua huiharibu upesi. Wataalamu wakatafuta jinsi ya kuiiga. Mwaka 1973 wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza pareto ya kutengenezwa, permethrini, isiyoharibiwa upesi na jua. Baada yake wakazaliwa ndugu zake wengi, kama saipamethrini na lamdasaihalothrini. Ni dawa ambazo leo ziko katika kila duka la pembejeo. Mkulima anaona makopo ya rangi mbalimbali yenye majina mbalimbali. Karakana ya kiwavi inaona ukoo mmoja.

Lakini tusichanganye mambo mawili. La kwanza ni hilo la chakula: kiwavi yule yule, katika maisha yake mafupi, kuongeza mafundi. La pili ni kubwa zaidi nalo hupita vizazi. Tuseme, kwa mfano tu, shambani mwako kuna viwavi 1,000. Unapiga dawa, wanakufa 990. Unafurahi, na una haki ya kufurahi. Lakini wale 10 waliobaki hawakubaki kwa bahati tu. Baadhi walizaliwa na karakana yenye nguvu kuliko wenzao. Sasa wanaoana wao kwa wao. Jike mmoja wa nondo wa kabichi huweza kutaga mayai zaidi ya 100, na katika joto la nchi yetu kizazi kipya huwa tayari kwa muda wa kama wiki tatu. Watoto wanarithi karakana. Unapiga dawa ile ile, wanakufa 800. Unapiga tena, wanakufa nusu. Hukuwafundisha viwavi chochote. Umewachagua, kama mfugaji anavyochagua dume bora, ila wewe umechagua kwa hasara yako.

Ndipo mkono unapokwenda kwenye kisoda cha pili, na cha tatu. Kuongeza dawa huua wale wenye karakana ya wastani na kuwaacha wenye karakana kubwa kabisa. Fedha imekwenda, na mbegu ya wadudu imekuwa kali zaidi.

Nondo huyu wa kabichi ana sifa mbaya duniani kwa jambo hili. Huko Lembang, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, ilitangazwa mwaka 1953 kwamba DDT haimuui tena. Alikuwa mdudu wa kwanza wa mazao kujulikana ameishinda dawa hiyo. Na hapa kwetu wakulima wa nyanya hawajasahau mwaka 2014, alipoonekana yule nondo mdogo wa nyanya kutoka Amerika ya Kusini. Walimpa jina Kantangaze. Alifika akiwa tayari ni sugu kwa dawa kadhaa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupigwa nazo alikotoka. Watu walipiga dawa mara mbili kwa wiki, na nyanya zikaoza.

Tuseme ukweli wote: karakana si njia peke yake. Wako wadudu ambao mahali sumu inaposhika katika mishipa yao pamebadilika, sumu ikifika haishiki. Wengine wana njia zote mbili. Lakini karakana ndiyo inayowafanya wadudu washinde hata dawa ambayo hawajawahi kuiona, kwa sababu tu inafanana na ile waliyoizoea.

UFUTA UNAVYOFUNGA MLANGO WA KARAKANA

Je, haiwezekani kuwazuia mafundi wasifanye kazi?

Inawezekana, na habari hii inatuhusu sana, maana inakutanisha mazao yetu mawili, pareto ya nyanda za juu na ufuta wa Lindi na Mtwara. Mwaka 1940 huko Marekani iligunduliwa kwamba pareto ikichanganywa na mafuta ya ufuta huua wadudu zaidi kuliko ikiwa peke yake. Mafuta yenyewe hayaui. Yana kitu kiitwacho sesamini, ambacho huingia karakana ya mdudu na kuwashika mafundi wa jamii ya P450 mikono. Pareto inapita bila kuvunjwa. Kufuata mfano huo, miaka hiyo hiyo ya 1940 kikatengenezwa kitu chenye nguvu zaidi, ambacho kwenye makopo ya dawa za nyumbani huandikwa kwa herufi tatu: PBO.

Msidhani ni habari ya vitabuni tu. Mbu wa malaria nao wana karakana, na katika sehemu nyingi wameanza kuivunja dawa iliyomo kwenye vyandarua, ambayo ni ya ukoo ule ule wa pareto. Wilayani Muleba, mkoani Kagera, watafiti, pamoja na wale wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walilinganisha vyandarua vya kawaida na vyandarua vilivyotiwa PBO. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Katika vijiji vilivyopewa vyandarua vya PBO, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa wachache zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuvikubali mwaka 2017.

Tafadhali, lakini, msiende kumwaga mafuta ya ufuta ya kupikia kwenye bomba la dawa. Vipimo vya kiwandani si vya jikoni, na mafuta yanaweza kuunguza majani.

Kuna ujanja mwingine ambao mkulima anaweza kuuelewa bila kiwanda. Karakana huzoea kitu kimoja kwa urahisi, lakini mchanganyiko wa vitu vingi huichanganya. Mwaka 1995 watafiti wa Kanada walitangaza jaribio lao juu ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya jani la kabichi. Kundi moja lilipewa ile sumu kuu ya mwarobaini iliyosafishwa, peke yake. Kundi la pili lilipewa maji ya mbegu za mwarobaini yenye vitu vyake vyote. Baada ya vizazi 40 kundi la kwanza lilikuwa limekuwa sugu. La pili halikuwa sugu. Mti umeweka silaha nyingi pamoja, na sisi tukadhani moja tu ndiyo ya maana.

BASI TUFANYE NINI SHAMBANI

Jambo la kwanza ni kusoma. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, hapa ndipo elimu hiyo inapokurudishia fedha mkononi. Usisome jina kubwa la kopo, hilo ni la biashara. Tafuta maandishi madogo yanayosema kiambato, yaani sumu yenyewe. Kama jina hilo linaishia na herufi T-H-R-I-N, dawa hiyo ni ya ukoo wa pareto. Makopo mawili yakiwa na mwisho huo, ni ndugu. Kuacha moja na kununua lingine si kubadili dawa. Tazama pia kama imesajiliwa. Anayesimamia usajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, makao yake makuu yako Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Kubadili dawa maana yake ni kubadili ukoo. Kizazi hiki cha viwavi ukipiga ukoo mmoja, kizazi kinachofuata upige ukoo mwingine, ili wale walionusurika wasikutane tena na kitu wanachokijua. Kwa viwavi wa kabichi ipo dawa ya bakteria iitwayo Bt, ambayo huua kiwavi anayeila na kuacha wadudu wengine wengi. Nayo si ya kupigwa bila kupumzika: mwaka 1990 ilitangazwa kwamba nondo huyu huyu ameanza kuishinda Bt katika mashamba ya Hawaii.

Kuchanganya dawa tatu katika bomba moja tunakukataza kabisa. Wengi hufanya hivyo wakisema ikishindwa hii itafaulu ile. Unawachagua viwavi wenye karakana ya kuvunja zote tatu kwa mpigo mmoja.

Halafu nenda shambani asubuhi ugeuze majani kabla hujashika bomba. Ukikuta viwavi wachache, ngoja. Wana adui zao. Yuko nyigu mdogo mwembamba anayetaga yai ndani ya mwili wa kiwavi wa kabichi. Mtoto wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilileta nyigu wa aina hiyo kutoka Taiwan na kumwachia Werugha, katika milima ya Taita nchini Kenya, mwaka 2002, naye akashika kazi. Nyigu huyu halishwi majani yenye sumu, kwa hiyo mara nyingi karakana yake ni ndogo kuliko ya kiwavi. Ukipiga sumu kali ya kila mdudu, anakufa yeye kwanza. Kiwavi anabaki, na sasa hana wa kumkamata.

Mabaki ya kabichi baada ya kuvuna yasiachwe yamesimama. Hayo ni maskani ya nondo. Yang'oe, uyafukie au uwape mifugo, lakini usiwape yaliyopigwa dawa majuzi.

Na siku za kungoja. Kila kopo limeandikwa siku ngapi zipite kati ya kupiga dawa na kuvuna. Mkulima aliyekata tamaa, ambaye dawa yake imeshindwa, hupiga leo na kukata kesho, maana lori linakwenda. Kabichi hiyo inafika Kariakoo bila tundu. Mama yule wa mwanzo anaichukua na kuridhika. Mtoto wake naye ana ini, na ini lake ni dogo.

Mwisho, ushauri mmoja kwa wale wanaomwagiza mtu dawa. Kijana akienda Kariakoo, usimwambie akuletee "ile ya kopo jekundu." Muuzaji atampa kopo jekundu lolote. Chukua kalamu, uandike, na karatasi iende naye dukani. Inaweza kuwa fupi hivi:

"Nina viwavi wa kabichi, wadogo, wa kijani, wanaoning'inia kwenye uzi. Tarehe 3 nilipiga dawa ambayo kiambato chake kinaishia na thrin. Tarehe 10 wengi walikuwa hai. Naomba dawa ya ukoo mwingine, iliyosajiliwa, na uniandikie siku za kungoja kabla ya kuvuna."